Mzazi, mfuko wa wanga unahitaji ukavu kama mahindi

Wazazi wa Mbeya na Iringa wanajua hasara ya kuweka ndani mahindi mabichi: huota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu. Ndiyo maana kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5.

Mifuko inayooza, iliyochanganywa na wanga wa mahindi au muhogo, nayo huharibiwa na unyevu. Mbadala wa namna hii unazungumzwa zaidi tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Juni 1, 2019.

Tatizo huanzia kiwandani

Wanga unaoonekana mkavu kabisa huwa na maji ya takriban asilimia 10 hadi 13. Ukiyeyushwa pamoja na plastiki kwenye joto la zaidi ya nyuzi 150, maji hayo hugeuka mvuke na kuacha mapovu na vitundu. Mfuko unakuwa dhaifu. Kwa hiyo wanga hukaushwa kwanza, mara nyingi hadi chini ya asilimia 1.

Nyumbani ufanye nini?

Wanga huendelea kunyonya maji hata mfuko ukiwa jikoni kwako. Hivyo:

• Usitilie humo chipsi za moto, uji au mboga yenye mchuzi. Tumia chombo chenye mfuniko.

• Itunze mahali pakavu, mbali na mvuke wa sufuria, hasa msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili.

• Ukiona madoa ya ukungu au mfuko unanata, usiwekee chakula cha mtoto.

• Usiuwashie jiko la mkaa, hasa wakati wa baridi ya Juni na Julai mnapofunga madirisha. Moshi wake unadhuru mapafu.

• Usiutupe shambani ukiamini utaoza. Baadhi huhitaji joto la karibu nyuzi 60, ambalo shimo la taka la nyumbani kwa kawaida halifikii. Ikiwa wanga ulichanganywa na plastiki ya kawaida, vijidudu vya udongoni hula wanga na vipande vya plastiki hubaki.

Pia, mifuko mbadala laini kama kitambaa inayouzwa sokoni kwa kawaida ni plastiki, haina wanga. Muulize muuzaji umetengenezwa kwa nini. Kwa safari ya sokoni, kikapu cha milulu cha Iringa bado kinatosha.