Mpiga picha si fundi wa kamera tu, ni mtunza amana ya watu

KATIKA mji wa Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba, kuna shehia inayoitwa Jadida. Neno hilo lina asili ya Kiarabu na maana yake ni "mpya". Kama ilivyo mitaa mingi ya miji ya Zanzibar, hapa nako harusi, sikukuu za Idi na mahafali ya skuli ni siku ambazo mpiga picha hutafutwa.

Hata hivyo, kazi hiyo haiko tena kama ilivyokuwa miaka 30 iliyopita. Simu ya mkononi imeingia karibu kila nyumba, na mtoto wa skuli anaweza kupiga picha 100 kwa siku bila ya kutoa hata senti moja. Picha za vitambulisho, ambazo zamani zilikuwa riziki ya uhakika ya studio, sasa aghalabu hupigwa na ofisi zenyewe zinazotoa hati hizo.

Katika hali hiyo, vijana walioichagua kazi hii wanajiuliza swali zito: ikiwa kila mtu ana kamera mfukoni, mpiga picha wa kulipwa anabakiwa na nini?

Jibu la swali hilo haliko katika ukubwa wa lenzi wala bei ya kamera. Liko katika uhusiano kati ya mpiga picha na mtu aliyesimama mbele yake, na katika yale yanayotendeka baada ya picha kupigwa. Kuelewa jambo hilo kunahitaji kurudi nyuma kidogo katika historia ya mwambao.

Studio zilizotutangulia

Upigaji picha si jambo geni Zanzibar. Tangu karne ya 19 mji wa Unguja ulikuwa na studio za kibiashara, miongoni mwake zikiwa zile za A.C. Gomes na za ndugu wa ukoo wa Coutinho, wote wakiwa na asili ya Goa. Picha zao za majengo, bandari, masultani na watu wa kawaida ndizo zinazotumiwa hadi leo na wanahistoria wanapotaka kujua mji ulivyokuwa.

Mwaka 1930, Ranchhod Oza, ambaye alijifunza kazi kwa Gomes, alifungua studio yake mwenyewe katika Mji Mkongwe na kuiita Capital Art Studio. Baadaye mwanawe, Rohit Oza, aliiendeleza. Kwa pamoja, baba na mwana walirekodi enzi za utawala wa kisultani, Mapinduzi ya 1964 na maisha yaliyofuata.

Lakini umuhimu wa studio hiyo hauko katika picha za wakubwa peke yake. Mamia ya watu wasiojulikana waliingia mlangoni mwake wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kabisa: maharusi, wafanyakazi wa bandarini, wanafunzi, na akina mama na watoto wao. Leo picha hizo ni ushahidi kwamba watu hao waliishi, walipendeza na walipendwa.

Kule Lamu, nchini Kenya, Omar Said Bakor aliyefariki mwaka 1993 alijulikana kwa ustadi wa kuunganisha picha. Alikata na kubandika, akamweka mteja katika mandhari ambayo hakuwahi kufika. Bakor aliwapa wateja wake si sura zao tu bali pia ndoto zao.

Hali ilikuwa hiyo hiyo mbali zaidi, katika mji wa Bamako nchini Mali, ambako Seydou Keita alianza kupokea wateja katika studio yake mwishoni mwa miaka ya 1940. Aliweka redio, saa na pikipiki ili mteja achague mwenyewe namna anavyotaka kuonekana. Miaka ya 1990 picha zake zilipoonyeshwa Ulaya na Marekani, walimwengu walistaajabu. Hata hivyo, Keita hakuzipiga kwa ajili ya makumbusho. Alizipiga kwa ajili ya mtu aliyelipa, ambaye alitaka kuipeleka picha yake kwa mchumba au kwa mama yake kijijini.

Funzo lililopo ni moja. Mafundi hao walimsikiliza mteja kwanza, kisha wakaigeukia kamera. Heshima hiyo ndiyo iliyozipa picha zao umri mrefu.

Teknolojia ilichukua nini?

Kamera ya kwanza ya kidijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya Kodak ya Marekani. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo hiyo, iliyotajirika kwa kuuza mikanda ya picha, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, baada ya dunia kuuhama mkanda na kuhamia dijitali.

Mkanda wa kawaida ulikuwa na picha 36. Kila picha ilikuwa na gharama, hivyo mpiga picha alilazimika kufikiri kabla ya kubonyeza. Alimweka mteja sawa, akamtazama, akazungumza naye hadi uso ukalegea. Baada ya hapo mteja alisubiri siku kadhaa hadi picha zisafishwe, na alipozifuata alipata tena nafasi ya kuzungumza na fundi wake.

Dijitali imeondoa gharama hiyo na kusubiri huko, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini pia imeondoa yale mazungumzo. Mpiga picha wa leo anaweza kupiga picha 1,000 katika harusi moja bila ya kujua jina la bibi wa bwana harusi. Anarudi nyumbani na kadi iliyojaa sura, asijue ni nani kati yao aliyesafiri kutoka Mombasa au Muscat kuja kushuhudia shughuli hiyo.

Hapo ndipo wengi huanza kuichoka kazi. Wanadhani wamechoshwa na kamera au na bei ndogo, kumbe kilichopungua ni watu katika kazi yenyewe.

Picha inapobaki peke yake

Wapemba hawahitaji kuelezwa kwa urefu thamani ya picha. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama katika eneo la Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imebeba abiria kupita kiasi. Takriban miili 200 ilipatikana, na mamia ya watu wengine hawakuonekana tena.

Kwa familia isiyopata maiti wa kuzika, hakuna kaburi la kuzuru. Kinachobaki ni dua, majina na, pale ilipopatikana, picha. Picha iliyopigwa katika harusi ya jirani au siku ya Idi, ambayo wakati ule ilionekana ni ya kawaida kabisa, inakuwa kitu kisichoweza kununuliwa kwa fedha yoyote.

Mpiga picha hawezi kujua mapema ni picha ipi itakayofikia daraja hiyo. Mzee aliyekaa pembeni ya jamvi, mtoto aliyejificha nyuma ya buibui la mama yake, kijana anayebeba sahani za pilau: yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye atakayetafutwa kesho. Kwa hiyo anayeifanya kazi hii kwa moyo hamwachi mtu kwa sababu tu si yeye aliyelipa.

Haya na idhini

Pamoja na hayo, si kila picha inafaa kupigwa, na si kila iliyopigwa inafaa kuonyeshwa. Pemba ni kisiwa ambacho idadi kubwa kabisa ya wakaazi wake ni Waislamu. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu picha za viumbe wenye roho. Wapo wanaozikataza na wapo wanaoziruhusu kwa masharti. Mpiga picha mwenye busara hajifanyi mufti. Anauliza kwanza, na akiambiwa hapana, anateremsha kamera yake.

Suala hilo huwa zito zaidi katika shughuli za wanawake. Katika ukumbi ambao wanaume hawaingii, bibi harusi na jamaa zake huvua mabuibui, husuka nywele, hujipamba hina na kucheza kwa furaha. Picha za hapo ni halali ya wenyewe peke yao. Ndiyo maana familia nyingi hutafuta mpiga picha mwanamke, na hapa pana nafasi kubwa ya ajira kwa wasichana wa Pemba wanaotaka kujifunza kazi hii.

Zamani hatari ilikuwa picha moja kuibiwa kutoka kwenye albamu. Sasa picha ikitumwa katika simu moja inaweza kufika Dar es Salaam, Dubai na London kabla ya shughuli kumalizika. Mpiga picha anayeweka picha za wateja mtandaoni ili kujitangaza bila ya ruhusa yao anauza kitu ambacho si chake. Amana ikivunjwa mara moja, mtaa mzima husikia, na hakuna tangazo litakaloirejesha.

Madhumuni yaliyo makubwa zaidi

Afrika Mashariki ina mfano unaojulikana duniani wa nguvu ya kazi hii. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963. Oktoba 1984, picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizoambatana na taarifa ya mwandishi Michael Buerk wa BBC, ziliuamsha ulimwengu na kuchochea michango mikubwa, likiwemo tamasha la Live Aid la Julai 1985.

Amin alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa mwaka 1991, lakini alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 23, 1996, pale ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na visiwa vya Comoro.

Upande wa pili wapo waliotaabishwa na kazi hiyo hiyo. Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga mwaka 1993 picha ya mtoto aliyedhoofika kwa njaa huko Sudan, nyuma yake akiwa amekaa tai mla mizoga. Picha hiyo ilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1994, lakini pia ilimletea swali alilokuwa akiulizwa na watu wengi: alimfanyia nini mtoto yule? Miezi michache baadaye alijiua.

Haifai kumhukumu Carter kwa mbali. Lakini swali lililomkabili humkabili kila mpiga picha, hata wa Jadida. Unapompiga mwanamke mwenye makopo ya mwani begani, au mchumaji karafuu aliye juu ya mkarafuu, je, umemwona yeye au umeona picha tu? Je, ataipata nakala? Je, angeiona, angejivunia au angeona aibu?

Mambo ya kutenda

Yapo mambo machache yanayoweza kuirejesha kazi hii kwa watu, na hayahitaji mtaji mkubwa. La kwanza ni salamu. Mpiga picha afike mapema kabla ya shughuli, ajue nani ni shangazi na nani ni somo wa bibi harusi, na azungumze nao kamera ikiwa ingali mkobani.

La pili ni kurejesha picha. Picha iliyobaki katika kompyuta haijamaliza safari yake. Ile iliyochapishwa na kukabidhiwa mkononi, hasa kwa mzee asiyekuwa na simu, hukaa ukutani miaka mingi.

La tatu ni kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Jina, mahali na tarehe viandikwe nyuma ya picha au katika faili lake, kwa sababu baada ya miaka 40 hakutakuwa na wa kuulizwa.

La nne ni kuhifadhi. Hewa ya kisiwani ina unyevu na chumvi, nayo huotesha ukungu kwenye picha na mikanda ya zamani. Vitu hivyo viwekwe pakavu, visigusane na ukuta wala sakafu. Picha za kidijitali nazo ziwe na nakala zaidi ya moja, katika sehemu tofauti, kwani diski huharibika bila ya kutoa taarifa.

La tano ni bei. Kufanya kazi kwa utu hakuna maana ya kufanya kazi bure. Mpiga picha ana watoto wa kuwalisha, na kamera hununuliwa kwa fedha. Bei itajwe mapema na kwa uwazi, ili urafiki usiharibiwe na madai baada ya shughuli.

Ni dhahiri kwamba simu zitaendelea kuwa bora, na picha zitaendelea kuwa nyingi kupita idadi ya watu wa kuzitazama. Wingi huo hautaliondoa hitaji la mtu anayeaminiwa kuingia nyumbani siku ya furaha na siku ya huzuni, akaona mengi, akatoa yale tu yanayofaa kutolewa, na kuyahifadhi yaliyobaki kwa niaba ya wenyewe. Kijana wa Jadida atakayeielewa kazi yake hivyo hatakosa la kufanya, na mtaa wake hautakosa kumbukumbu.