Tumbo limepunguzwa, sasa kazi iko kwenye sahani

Mgonjwa ana siku ya tatu tangu aruhusiwe kutoka hospitali baada ya upasuaji wa kupunguza uzito. Mama mkwe anaingia na hotpoti ya mtori mzito wenye vipande vya nyama. Anafungua kifuniko, harufu inajaa sebule, kisha linafuata neno ambalo kila aliyewahi kuuguzwa kwetu analijua: “Kula mwanangu, upate nguvu.”

Tukio la namna hii linaweza kutokea nyumba yoyote, na hakuna mwenye nia mbaya. Lakini ndani ya tumbo la mgonjwa huyu kuna mshono mbichi, na kwa sasa anaweza kupokea vijiko vichache tu vya kimiminika. Akikataa ataonekana ana dharau. Akila atatapika, ataumia na huenda akauweka mshono hatarini.

Wiki hii tunazungumza na mgonjwa huyo, na pia na anayempikia.

Nini kimebadilika tumboni

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani ni wa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu asilimia 80. Kinachobaki ni mrija mwembamba mfano wa ndizi. Katika aina nyingine, daktari hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu, chenye ukubwa wa yai hivi, na kukiunganisha na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka sehemu ya njia yake ya kawaida.

Puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula si upasuaji, na hutolewa baada ya muda, mara nyingi miezi 6. Kanuni nyingi za kula zinafanana, ila makala haya yanawahusu zaidi waliokatwa.

Zamani wengi walilazimika kusafiri nje ya nchi kufuata huduma hizi. Siku hizi zinapatikana pia nchini, ikiwamo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila.

Upasuaji wenyewe huchukua saa chache. Unakusaidia kula kidogo, lakini hauchagui kidogo hicho kiwe nini. Ndiyo maana mtu anaweza kupungua kilo 40 na bado akawa na utapiamlo.

Wiki nane za mwanzo

Kila hospitali ina ratiba yake, na karatasi uliyopewa na daktari wako ndiyo ya kufuata. Kwa kawaida mpangilio huwa hivi:

Siku 1 hadi 2: maji na supu iliyochujwa, kwa mafunda madogo.

Hadi mwisho wa wiki ya 2: vimiminika vyenye lishe, kama maziwa yaliyopunguzwa mafuta, mtindi mwepesi, supu ya kuku au samaki iliyochujwa, na uji mwembamba wa maziwa. Vyote bila sukari.

Wiki ya 3 na 4: chakula kilichosagwa au kupondwa, kama kile cha mtoto anayeanza kula. Hapa wazazi tayari ni mafundi. Samaki asiye na miiba, maharage yaliyochujwa maganda, yai, boga au viazi lishe, vyote vikiwa laini kabisa.

Wiki ya 5 na 6: vyakula laini visivyosagwa, kama samaki wa mchuzi, mayai, kuku aliyeiva sana na mboga za majani zilizokatwa ndogondogo.

Kuanzia wiki ya 7 au 8: chakula cha kawaida, kimoja kimoja, huku ukiangalia tumbo linakipokeaje.

Usiruke hatua kwa sababu unajisikia vizuri. Kidonda cha nje kinaweza kukauka wakati cha ndani bado.

Tembea mapema, hata kama ni kuzunguka sebule, kwa sababu kulala muda wote huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Lakini kwa wiki 4 hadi 6 usibebe ndoo ya lita 20, gunia wala mtoto mzito. Hapo ndipo mume, watoto wakubwa na majirani wanahitajika kuliko kwenye kuleta chakula.

Mboga iwe chakula, ugali uwe mboga

Kwetu ukiulizwa umekula nini, unajibu “ugali”. Samaki, nyama na maharage tunaviita mboga, yaani kisindikizo. Baada ya upasuaji, mpangilio huo unapaswa kugeuka.

Wagonjwa wengi hushauriwa kupata gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, kwa sababu mwili unaopungua haraka huchoma mafuta na misuli pia. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina 8. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kina 20 au zaidi, na kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Dagaa wakavu waliooshwa vizuri na kusagwa kuwa unga wanaweza kuongezwa kwenye supu au uji bila gharama kubwa.

Kwa hiyo anza na protini. Kisha mboga za majani. Ugali, wali, ndizi au viazi vije mwisho, na kama nafasi imekwisha, viache.

Tumia sahani ndogo na kijiko cha chai. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Tonge la ugali tumezoea kulimeza bila kulitafuna, sasa litakwama. Chapati, mkate laini na nyama choma kavu navyo huwasumbua wengi. Ukihisi kubanwa chini ya kifua, kwikwi au makamasi kuanza kutiririka ghafla, mwili unakuambia umeshiba. Acha hapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja.

Jihadhari na vinavyoteleza. Soda, juisi, chai ya sukari nyingi na uji mtamu hupita kwa urahisi hata kwenye mfuko mdogo, na ndiyo njia ya kimyakimya ambayo uzito hurudi. Kwa walioungwa na utumbo, sukari inaweza pia kuleta jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuharisha muda mfupi baada ya kula.

Maji kwa wakati wake

Lengo ni lita 1.5 hadi 2 kwa siku, lakini si kwa kugida glasi nzima. Haba na haba: funda moja, pumzika, funda jingine. Beba chupa popote unapokwenda. Usinywe pamoja na chakula, na baada ya kula subiri dakika 30. Mkojo ukiwa mchache na wenye rangi nzito, maji hayatoshi.

Vidonge ni vya maisha

Hapa ndipo wengi huteleza. Mwaka wa kwanza wanameza, wa pili wanasema wamepona. Chakula kidogo hakitoshi kukupa vitamini na madini yote, na njia mpya ya chakula hupunguza kinachofyonzwa. Kwa kawaida daktari huandika vitamini mchanganyiko, madini chuma, kalsiamu, vitamini D na vitamini B12, ambayo hutolewa kwa kidonge au sindano.

Madini chuma na kalsiamu visimezwe pamoja. Viachane kwa saa 2. Usimeze madini chuma kwa chai, kwa sababu chai huzuia yasifyonzwe. Vipimo vya damu hufanyika mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kila mwaka.

Kama bado unajiandaa kwa upasuaji, uliza mapema vidonge na vipimo hivyo vitagharimu kiasi gani kwa mwezi. Ni sehemu ya bei ya upasuaji, ingawa haimo kwenye ankara ya siku hiyo.

Nywele zikianza kunyonyoka kati ya mwezi wa 3 na wa 6, usiogope. Hutokea kwa wengi na kwa kawaida huota tena, ila ni kumbusho la kuangalia protini na vidonge.

“Anatapika, ndiyo anapungua hivyo”

Sentensi hiyo ni hatari. Kutapika mara moja baada ya kula haraka si ajabu. Kutapika kila siku si sehemu ya kupungua.

Akiba ya vitamini B1, yaani thiamini, mwilini hudumu wiki chache tu. Mtu anayetapika mfululizo na hali chochote anaweza kuimaliza, na neva na ubongo vikaanza kuumia. Dalili ni ganzi au moto miguuni, kuyumba anapotembea, kuona vitu viwiliviwili na kuchanganyikiwa. Akichelewa, madhara mengine hayarudi nyuma.

Mpeleke hospitali, na ukifika usiseme tu kwamba anatapika. Sema alifanyiwa upasuaji gani, lini, na ametapika kwa siku ngapi. Uliza kuhusu thiamini kabla hajawekewa dripu ya sukari, kwa sababu sukari bila vitamini hiyo inaweza kuzidisha tatizo.

Nenda hospitali haraka pia ukiona homa, moyo kwenda mbio bila sababu, maumivu makali ya tumbo au ya bega, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au kushindwa kunywa maji. Miezi kadhaa baadaye, maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya kula yanaweza kuwa mawe kwenye mfuko wa nyongo, ambayo huwapata baadhi ya wanaopungua haraka.

Dawa, mimba na kufunga

Mwenye kisukari au shinikizo la damu afuatiliwe kwa karibu. Mahitaji ya dawa yanaweza kushuka ndani ya siku chache, na dozi ya zamani ikashusha sukari au presha kupita kiasi. Usipunguze mwenyewe, mwone daktari.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuleta vidonda, hasa kwa walioungwa na utumbo. Mwambie mfamasia kabla hajakupa.

Kwa wanawake, uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba huweza kuongezeka. Inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifyonzwe vizuri, hivyo zungumza na mtoa huduma kuhusu njia kama kitanzi au kijiti.

Miezi ya mwanzo haifai kwa kufunga. Kabla ya Ramadhani au Kwaresima, mwone daktari wako. Pombe nayo hulevya haraka zaidi kuliko zamani.

Maneno ya watu, na macho ya mtoto

Kwetu kunenepa bado huhesabiwa na wengi kuwa dalili ya raha, na kukonda kuwa dalili ya maradhi. Mgonjwa ataulizwa anaumwa nini, na wengine hawatauliza, watanong’ona. Si lazima amweleze kila mtu. Lakini anahitaji watu wawili au watatu wanaojua ukweli, wa kumtetea mezani na kumpeleka kliniki. Akipoteza furaha, asiifiche. Daktari wa afya ya akili ni sehemu ya matibabu.

Mzazi uliyefanyiwa upasuaji, usimlishe mtoto kwa kipimo chako. Yeye anakua na anahitaji mlo kamili. Anachoweza kujifunza kwako ni kula taratibu, kunywa maji badala ya soda na kuacha akishiba. Nawe usimlazimishe kumaliza sahani.

Na mama mkwe? Mpe kazi. Wiki hii alete supu ya kuku iliyochujwa, kikombe kidogo. Wiki ya tatu mtori utakaribishwa, mwepesi, nyama yake ikiwa imesagwa laini kabisa. Mgonjwa atakula vijiko vinne au vitano, ataweka kijiko chini na kushukuru. Mama akiona kimebaki, ajue mkwewe ameshiba.