Abunuwasi wa Gado: Kutoka Usimulizi Hadi Katuni
Katika karne ya 19, Kiswahili kilifika Tabora na Ujiji kwa misafara, kikienea zaidi kwa kinywa kuliko kwa maandishi. Hekaya za Abunuwasi nazo zilirithishwa kwa masimulizi. Godfrey Mwampembwa (Gado), mchoraji Mtanzania aliyejiunga na magazeti ya Nation jijini Nairobi mwaka 1992, alizigeuza kuwa kitabu cha katuni, *Abunuwasi* (Sasa Sema, 1996). Katika usimulizi, fanani ndiye hutupasha kwamba mjanja anadanganya. Katika katuni, kiputo cha maneno huweza kubeba uongo ilhali picha inaufichua. Hivyo msomaji husoma matini mbili zinazokinzana. Uhakiki unaochambua maneno pekee huacha nusu ya kejeli bila kuelezwa.