Kilimo Hai Eastlands (Sehemu ya Tatu): Mpe Jirani Mbinu na Sababu Yake

Tulipoishia, mboji ilikuwa imeiva na gunia limepatikana. Kabla ya kupanda, nataka tuitazame njia ambayo ujuzi huu hupitia. Kaloleni na Maringo, ambako nyumba za chini bado zina ua, na Kayole na Dandora, ambako ghorofa zimemeza ua na mboga zikahamia rosheni na paa, wengi wanaolima bila mbolea ya dukani walifunzwa na jirani. Naye hakuwatoza hata shilingi.

Kulima mjini si jambo la jana. Mwaka 1985 Taasisi ya Mazingira ilifanya utafiti katika miji sita ya Kenya, Nairobi ikiwemo, ikakuta asilimia 29 ya familia zikilima chakula humo humo mjini. Zililima kwa kuibia, maana askari wa kanjo walikuwa wakifyeka mahindi ya kando ya barabara. Kaunti ya Nairobi ilikuja kuwa na sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. Miaka yote hiyo ya katikati wakulima walifunzana wenyewe, wakisaidiwa na wachache walioona umuhimu wao. Mwaka 2004 Taasisi hiyo hiyo ya Mazingira ilianzisha jukwaa la NEFSALF, likawaketisha wakulima wa Nairobi na viunga vyake pamoja na maafisa wa serikali. Taasisi ya kilimo hai ya KIOF ilikuwa ikifunza tangu 1986. Jarida la The Organic Farmer, lililoanza 2005, lilipelekwa kwa vikundi vya wakulima bila malipo, na nduguye wa Kiswahili, Mkulima Mbunifu, akafuata nchini Tanzania.

Kwa hiyo desturi ya kugawa ipo, na ni nzuri. Tatizo ni kwamba kinachosambaa upesi ni mbinu, ilhali sababu ya mbinu huachwa njiani.

Chukua gunia la kilo 90. Katikati unasimamisha mkebe uliotolewa kitako, unaujaza kokoto, kisha unauzungushia udongo uliochanganywa na mboji. Udongo ukifika ukingoni, unauvuta mkebe juu, unaongeza kokoto, na kuendelea hivyo hadi gunia lijae. Ubavuni unatoboa matundu ya kupishana na kuchomeka miche ya sukuma wiki au spinachi. Kazi hii inajulikana sana mtaani, lakini magunia mengi hayana ile nguzo ya kokoto. Aliyeiga alidhani mawe ni ya kujazia nafasi tu. Mboga za juu zinanawiri, za chini zinanyauka, kwa sababu maji yanaishia nusu ya gunia na udongo wa chini unabaki mkavu. Aliyeambiwa kwamba kokoto ni mfereji wa maji hawezi kukosea hapo. Tena akizikosa atatumia vipande vya matofali au bomba kuukuu lililotobolewa, na asihitaji kuuliza mtu.

Sabuni nayo ni hivyo hivyo. Maji ya sabuni ya kipande huua vidukari kwa kuharibu ngozi yao laini hadi wakauke. Ni lazima yawaguse wenyewe, nao hupenda kukaa upande wa chini wa jani. Yakishakauka hayana nguvu tena. Anayenyunyizia juu ya jani atasema kilimo hai ni uongo, na jioni utamkuta kwa agroveti. Anayekoroga sabuni ya unga ya kufulia huweza kuunguza majani, kisha akalaumu aliyemfunza. Sina ugomvi na wanaouza dawa za asili kwenye chupa, kila mtu na riziki yake, ila mteja anayenunua chupa asijue inavyofanya kazi amenunua mazoea ya kurudi dukani.

Mbegu ndiyo zawadi ya zamani zaidi kati ya majirani, na kwa muda ilikuwa ya hatari. Chini ya sheria ya mbegu iliyorekebishwa mwaka 2012, mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa aliweza kukabiliwa na kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima wadogo 15 walikwenda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema kwamba vifungu vilivyowazuia kuhifadhi na kugawana mbegu vinakiuka katiba. Konzi ya mbegu za terere sasa inaweza kuvuka ukuta bila wasiwasi.

Linaloniudhi zaidi ni kimya kuhusu udongo wenyewe. Dampo la Dandora limepokea taka za jiji tangu miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa eneo hilo: takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi. Udongo wa karibu na dampo ulijaa risasi. Mboji haiyeyushi risasi. Inaweza kupunguza kiasi kinachoingia mmeani, lakini madini yanabaki pale pale, na mboga za majani hubeba vumbi lake hadi sufuriani. Wapo wanaofunza vizuri kabisa kutengeneza mboji wakasahau kumwuliza mwanafunzi anachota udongo wapi.

Basi unapompa jirani miche, mwambie pia haya. Udongo wa gunia usichotwe karibu na dampo, kando ya barabara kuu, wala mahali palipopasuliwa betri za magari au kuchomwa nyaya. Taka za kutengenezea mboji zitoke jikoni na sokoni, zikiwa zimetenganishwa tangu mwanzo, zisichambuliwe kutoka jalalani. Gunia lililowahi kubeba kemikali halifai hata likioshwa. Asiye na hakika na udongo wa uani apande nyanya au pilipili badala ya mchicha na karoti, kwa kuwa kwa kawaida tunda hukusanya risasi kidogo kuliko jani na mzizi, na aoshe kila kitu kwa maji safi.

Maji hayo safi yanatoka wapi, na kwa nini yale ya mfereji wa maji taka yanaifanya mboga ipendeze hivyo, ni habari ya sehemu ya nne.