Ukingo wa Ngozi na Ujira wa Mkono



Nyumbani kwetu Kibokoni umo mfuko wa ngozi ya mbuzi ambao marehemu mama yetu alikuwa akiutilia Msahafu wake. Mwaka jana ukingo wake ulifumuka. Tuliupeleka kwa mshona viatu mmoja, naye akatoboa tundu karibu mno na ukingo, kisha akavuta uzi kwa nguvu. Haukupita mwezi, ngozi ikachanika baina ya tundu na tundu.

Mama watoto akatukumbusha jirani yetu mjane. Miaka mingi bibi huyu alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, na baada ya kumaliza eda yake alijifunza kazi ya ngozi kwa mjomba wake, fundi wa makubadhi. Tulimpelekea mfuko mtupu, Msahafu tukabaki nao. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mfuko uliotengenezwa kwa ajili ya Msahafu, ukiwamo ndani, hukumu yake ni kama ya Msahafu wenyewe. Basi tulitaka afanye kazi yake bila ya shaka wakati wowote.

Kwanza aliikata sehemu iliyochanika, akapiga mstari mpya milimita 4 kutoka ukingoni. Juu ya mstari huo akatia alama kila milimita 5, kisha akatoboa kwa maharazi, ile sindano nene ya washona viatu. Mbavu mbili na kitako cha mfuko zilikuwa na urefu wa sentimita 55, hivyo tundu zikawa kama 110. Akatuambia kuwa ukanda wa kuzungushia hukatwa mara tatu na nusu ya urefu wa ukingo. Kwa mfuko wetu, karibu mita 2. Mwanafunzi asiyepima huishiwa na ukanda njiani, na kiungo kikawa uvimbe usiofichika.

Ncha ya kuanzia aliificha baina ya ngozi mbili. Kila alipopitisha ukanda aliutazama usije ukapinda, upande wa kung'aa ukae nje daima. Alivuta hadi ukanda ukalala, akaacha hapo. Penye pembe alipita tundu moja mara tatu, kwani pembe ikipitwa mara moja huacha mwanya, na mfuko huanza kufumuka pale. Mwisho aliupigapiga kwa nyundo ndogo ukingo wote ukalala sawa. Kazi hiyo ilimchukua jioni nne.

Alipouleta, aliomba shilingi 1,500. Hapa, ndugu zetu, yatupasa tuseme kweli. Tulimpa 500, tukamwombea dua, tukamwambia kuwa hii ni kazi ya Msahafu na thawabu zake ziko kwa Mwenyezi Mungu. Akajibu kwa adabu, "Inshallah, Maalim," akaondoka. Mama watoto, aliyekuwa nyuma ya pazia, akatuuliza, "Yule mshona viatu aliyeuchana mlimlipa kwa dua?" Hatukuwa na jawabu.

Tulilolisahau tumelisomesha miaka mingi. Mtume (s.a.w.) aliwaambia wakeze kuwa wa mwanzo kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu zaidi. Wakawa wakipimana mikono. Kumbe alikuwa Bibi Zaynab binti Jahsh (r.a.), aliyefariki mwaka wa 20 Hijria, na Bibi Aisha (r.a.) ameeleza sababu, kuwa Zaynab akifanya kazi kwa mkono wake na akitoa sadaka. Imepokewa pia kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi na kuzishona. Sadaka ile ilikuwa yake, aitoe apendavyo. Hakuna aliyemnyima ujira wake kisha akauita sadaka.

Ufundi huu si mgeni pwani yetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne ya 19 kwa wanaonakili misahafu kwa mkono na kwa mafundi wa ngozi. Tukitaka mabinti zetu waurithi, haitoshi kuwasifu. Mwanamke anayeshona ndani ya nyumba yake hana duka wala bei iliyobandikwa ukutani, na kwa hivyo ni rahisi kumpunja, hasa mpunjaji akiwa jirani, au sheikh.

Jioni ile ile tulimpelekea shilingi 1,000 zilizobaki, tukamtaka radhi. Akazipokea, akasema, "Mungu awalipe kheri." Kisha akatuambia kuwa wasichana wawili wa mtaani wanataka kujifunza kwake, naye alikuwa akisita, asijue kama kazi hii ina chakula. Wameanza Jumamosi iliyopita kwa vipande vya ngozi vilivyobaki, wakitoboa, wakihisabu, wakifumua na kuanza upya.

Mama zetu na dada zetu, mkono wenu una haki yake: itajeni bei kabla ya kazi. Nasi waume tuitimize.

Wabillahi tawfiq.