Jiko la Mkwe Wangu

Wahenga walinena, mchumia juani hulia kivulini. Lakini mimi, msomaji mpendwa, nimemwona mtu achumiaye thelujini, na alichokichuma ni asali. Si asali ya nyuki, bali ya mti. Nayo imenifunza adabu ukubwani.

Machi 2022 nilisafiri hadi Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani, kumtazama binti yangu aliyeolewa huko na kijana wa Kikongo. Sitaficha: ndoa ile niliikubali shingo upande. Kijana ni fundi wa kuchomelea vyuma, mpole, mcha Mungu. Dosari yake machoni mwangu ilikuwa moja tu, Kiswahili chake. Kila alipokosea, mimi mshairi nilimsahihisha, naye huinamisha kichwa akajibu, "Ndiyo, papa."

Nyuma ya nyumba yao ipo miti iitwayo mepo. Majira yale ambapo usiku maji huganda na mchana barafu huyeyuka, mti huo hutoa utomvu. Hutobolewa tundu la kina cha sentimita 5 hivi, likachomekwa kijibomba, na ndoo ikatundikwa chini yake, mfano wa mgema wetu na kibuyu chake. Utomvu wenyewe ni mwangavu kama maji ya kisima, na sukari yake ni kama sehemu 2 tu katika 100. Kupata lita 1 ya asali yapasa kuchemsha lita 40 hivi. Waabenaki, wenyeji wa kale wa nchi ile, waliijua kazi hiyo kabla ya Mzungu kufika. Waliokuja baadaye wakajenga majiko marefu ambayo kwa lugha yao huitwa tao.

Jiko letu la kwanza lilijengwa kwa shauri langu. Kuta 2 za matofali ya saruji, mlango mbele, dohani nyuma, na juu yake sinia la chuma kisichoshika kutu, upana sentimita 60 na urefu 90. Mimi nimelelewa penye mafiga; nikaamuru shimo la moto liwe na kina kimoja toka mbele hadi nyuma, kuni zijae. Moto ukanguruma, dohani ikaiva ikawa nyekundu, lakini sinia likawa likifuka mvuke tu. Hata kufika adhuhuri rundo zima la kuni lilikuwa limekwisha, na utomvu haujapungua hata robo.

"Papa," akasema kijana taratibu, "moto iko inakimbia."

"Moto unakimbia," nikamsahihisha.

Akanyamaza. Jiko lilipopoa alileta mchanga, akaujaza sehemu ya nyuma ukapanda kama mwinuko kuanzia penye kuni, na juu yake akapanga matofali ya kuhimili moto, hata baina yake na sinia ikabaki nafasi ya sentimita 8 hivi. Mbele, chini ya kuni, akatia chanja ya chuma ili hewa ipande. Kisha akapasua kuni kavu, nyembamba kama kifundo cha mkono.

Kesho yake ndimi za moto hazikuwa na njia ila kulilamba tumbo la sinia lote kabla ya kuifikia dohani. Sinia likatokota pembe zote. Tukawa tunaongeza utomvu kidogo kidogo, kwani ukipungua mno huungua na sinia hupinda. Povu likifura, tone la siagi hulituliza. Jioni, kipimajoto kilipopanda digrii 4 juu ya joto la maji yachemkayo, tukaepua. Lita 80 zimekuwa lita 2.

Nilipoionja nilikumbuka utamu mwingine. Mwaka 1791 tabibu Benjamin Rush alimwandikia Thomas Jefferson akiisifu sukari ya mti huu, kwa kuwa ingeweza kupunguza haja ya sukari ya miwa iliyotoka katika jasho la watumwa. Jefferson, ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, aliipanda miti hiyo kwake Monticello, isistawi. Nasi pwani yetu tunayo Pangani, ambako karne ya 19 watumwa walilima miwa na kuyachemsha maji yake kwa faida ya mabwana. Waama, utamu wa kitu huulizwa kwa yule anayeuchochea moto wake.

Na moto wetu ulichochewa na nani? Na kijana huru, uani kwake, aliyelijua jiko kuliko mimi, akavumilia nimsahihishe mbele ya mkewe. Kumbe nami nilikuwa kama jiko lile la kwanza: ngurumo nyingi, na joto lote laenda dohanini.

"Papa," akaniita, kijiko mkononi, "asali iko tayari."

Ulimi uliniwasha. Nikaipima sentensi ile, nikatafuta kosa nisilione.

"Iko tayari, mwanangu," nikamjibu. "Tia nionje tena."