Mbwa akiyumba kama mlevi, usikimbilie kusema ni sumu

Watu wengi wakisikia jina Kamakis hufikiria nyama choma. Lakini nyuma ya zile baa na mikahawa iliyopangana kando ya barabara ya Eastern Bypass, Ruiru, kuna nyumba nyingi za kupanga na nyingine za wenyewe zilizozungushiwa kuta, na humo mna mbwa. Wapo mbwa wakubwa wa kulinda. Wapo pia mbwa wadogo wenye manyoya mengi, ambao watoto wa mjini huwapenda sana na ambao waweza kubebwa kwa mkono mmoja. Makala haya yanawahusu hasa wenye mbwa hao wadogo, ingawa mwenye mbwa mkubwa naye asigeuze ukurasa.

Tuseme umenunua mtoto wa mbwa wa wiki 7, wa aina ya Maltese au Chihuahua. Jioni amecheza na watoto hadi akachoka, akalala bila kula. Ni mwezi wa Julai, na kwa kuwa Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku si ya kufanyiwa mzaha. Kikapu chake kiko jikoni juu ya sakafu ya vigae. Alfajiri unamkuta amelegea kama kitambaa kilicholowa. Akijaribu kusimama anayumba, macho yamekodoka lakini hayaoni, na kichwa kinatetemeka. Jirani anachungulia juu ya ukuta na kusema kwamba amelishwa sumu. Mwingine anasema hicho ni kichaa cha mbwa, auawe mara moja. Bawabu naye anakuja mbio na kikombe cha maziwa.

Huenda wote watatu wamekosea. Na yale maziwa, yakimiminwa kooni mwa mnyama asiyeweza kumeza, yataingia mapafuni na kummaliza kabla ya ugonjwa wenyewe. Yawezekana kabisa kwamba kinachomwua mbwa huyo ni upungufu wa sukari katika damu, na dawa yake ya kwanza iko katika kabati lako la chai.

Tumezoea kusikia juu ya sukari inayozidi mwilini, yaani ugonjwa wa kisukari. Sukari inayopungua haizungumzwi sana, ilhali huua kwa kasi zaidi. Ubongo hutegemea sukari iitwayo glukosi, nao hauna ghala la kuiweka akiba. Huletewa na damu dakika kwa dakika. Katika mbwa mwenye afya, kiasi cha glukosi huwa kati ya milimoli 4 na 6.5 hivi kwa kila lita ya damu. Kikishuka chini ya 3.3, madaktari huhesabu kwamba mbwa ana upungufu, na kikifika 2.8 au chini ya hapo, dalili huanza kuonekana kwa wengi. Mbwa huwa mnyonge, husinzia, hutetemeka na hutembea akipepesuka. Wengine hujigonga ukutani au hukosa kumtambua mwenyewe. Baadaye huja degedege, kisha kuzirai, kisha kifo. Hata akipona, mbwa aliyekaa muda mrefu katika hali hiyo aweza kubaki na ubongo ulioharibika.

Kwa nini walengwa wakuu ni watoto wa mbwa wadogo? Mbwa mzima mwenye afya aweza kukaa siku kadhaa bila chakula na sukari yake isitetereke, kwa sababu ini lake lina akiba na linajua pia kutengeneza glukosi kutokana na vitu vingine. Mtoto wa mbwa wa kilo moja hana hayo yote. Ini lake ni dogo na bado halijakomaa, misuli yake ni haba, na mwili wake mdogo hupoteza joto upesi, hivyo hutumia sukari nyingi ili kujipasha moto. Akikosa mlo mmoja au miwili tu, akiba imekwisha.

Hapa sina budi kuwalaumu wanaouza mbwa, pamoja na sisi tunaonunua kwa haraka. Mtoto wa mbwa wa aina ndogo hafai kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki 8, na wengi wangefaidika kungoja zaidi. Lakini mara nyingi hutolewa mapema kwa sababu akiwa mdogo hupendeza na hununulika. Hufika nyumbani akiwa na minyoo tele tumboni, ametishwa na safari ya gari, na chakula kimebadilishwa ghafla kutoka maziwa ya mama hadi ugali mkavu na mifupa iliyobaki mezani. Minyoo hula sehemu yake, kuhara huondoa iliyobaki, na baridi humalizia. Ugonjwa wa parvo nao, ambao huua watoto wengi wa mbwa wasiochanjwa, mara nyingi huambatana na upungufu huu wa sukari.

Basi ukimkuta katika hali hiyo, fanya hivi. Mwangalie kwanza kama ana fahamu na aweza kumeza. Ikiwa aweza, mpe asali kidogo, au sukari iliyokorogwa katika maji ya vuguvugu hadi ikawa nzito, au ile glukosi ya unga inayouzwa madukani. Kwa mbwa wa kilo moja, robo hadi nusu ya kijiko cha chai yatosha kwa kuanzia. Mpe polepole, mwache alambe. Ikiwa amezirai, usimimine chochote mdomoni. Chovya kidole katika asali na upake utando mwembamba juu ya ufizi na upande wa ndani wa shavu, kisha rudia kila baada ya dakika chache mkiwa njiani kuelekea kwa daktari wa mifugo. Akiwa katika degedege, weka vidole vyako mbali na meno yake, kwa maana ataviuma bila kujua. Mwondolee vitu vya kumwumiza, subiri degedege litulie, kisha umpake.

Wakati huohuo mpashe moto. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi, na mtoto wa mbwa aliyepoa hawezi kusaga chakula hata ukimpa. Mfunike kwa blanketi, na kando yake weka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo. Usimkaribishe kwenye jiko la makaa. Akishapata joto na kuinuka, jambo ambalo kwa kawaida huchukua dakika tano hadi kumi ikiwa shida ni sukari, mpe chakula halisi kidogo: mchele laini wenye kuku, au chakula cha watoto wa mbwa kilicholowekwa. Sukari uliyompa ni ya kumvusha tu. Itatumika upesi, na asipokula kitu kingine atarudi palepale baada ya muda mfupi.

Akiamka akatikisa mkia, wenye nyumba hushangilia na kusahau safari ya daktari. Hiyo ni hatari. Sukari ilishuka kwa sababu fulani, na sababu hiyo bado ipo.

Sasa turudi kwa wale majirani, kwa kuwa hofu yao si ya kupuuzwa. Kichaa cha mbwa kingali kipo nchini Kenya, na ndiyo maana serikali ilizindua mwaka 2014 mpango wa kukimaliza ifikapo mwaka 2030. Ugonjwa huo hauanzi kwa ghafla alfajiri na kuisha kwa asali. Kwa kawaida hubadilisha tabia ya mbwa kwa siku kadhaa: mpole huwa mkali au mkali huwa mpole, sauti hubadilika, taya hulegea, mate humtiririka kwa kuwa hawezi kumeza. Kama mbwa wako hajachanjwa na ameonyesha mabadiliko ya namna hiyo, au aliumwa na mbwa asiyejulikana, usitie mkono wako mdomoni mwake kwa sababu yoyote ile. Mfungie mahali pamoja na umwite daktari. Na yeyote aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Sumu nazo zina alama zake. Zile sumu za kuulia wadudu ambazo wezi huzitia katika nyama humfanya mbwa atokwe na mate mengi, atapike, ahare, na misuli imchezecheze mwili mzima. Daktari ndiye wa kutibu hayo, na wala si maziwa.

Wafugaji wa Kiambu watatambua upesi hali nyingine inayofanana. Ng'ombe wa maziwa akizaa aweza kuanguka kwa kupungukiwa na kalsiamu. Mbwa jike anayenyonyesha, hasa mdogo mwenye watoto wengi, naye hupatwa na hilo: hutetemeka, hukakamaa miguu na kupumua kwa kasi. Sukari haitamwinua huyo. Atahitaji sindano ya kalsiamu, ambayo ni lazima idungwe na daktari, kwa kuwa ikiingia haraka mno husimamisha moyo.

Vipi kuhusu mbwa mkubwa? Nimesema kwamba njaa ya siku moja haimwangushi. Kwa hivyo mbwa mzima akianguka kwa upungufu wa sukari, kuna jambo kubwa zaidi. Aweza kuwa na uvimbe katika kongosho unaomwaga insulini ovyo, ini lililoharibika, au maambukizi yaliyoenea katika damu. Ule uvimbe wa kongosho hujitokeza kwa namna ya kupotosha: mbwa wa makamo hulegea miguu ya nyuma baada ya kukimbia au kusisimka, kisha baada ya dakika chache anasimama kama kwamba hapakuwa na neno. Wengi hudhani ni uzee.

Pia kuna makosa ya binadamu. Lipo lile la kumpa mbwa bia ili watu wacheke. Pombe hushusha sukari ya mbwa, na yule mnyama anayepepesuka mbele ya meza yenu pale Kamakis huenda hajalewa tu, bali anaelekea kuzirai. Kosa jingine ni la kutojua. Peremende za kutafuna zisizo na sukari, baadhi ya dawa za meno na aina chache za siagi ya karanga hutiwa kitu kinachoandikwa kwenye pakiti xylitol au E967. Kwa binadamu hakina neno. Kwa mbwa, kongosho hudanganyika kwamba sukari nyingi imeingia, nalo hutoa insulini kwa wingi. Kiasi cha gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito chatosha kumletea shida, maana yake ni kwamba kipande kimoja cha peremende hizo chaweza kumwangusha mbwa wa kilo 3. Dalili zaweza kuanza baada ya nusu saa au zikachelewa hadi saa 12, na kikizidi, ini huharibika katika siku zinazofuata. Akimeza, usingoje dalili. Nenda na pakiti yenyewe kwa daktari.

Kundi la mwisho ni mbwa wenye kisukari wanaodungwa insulini. Dawa hii ilipatikana kwa sababu ya mbwa: ni mbwa ambao Frederick Banting na Charles Best waliwafanyia majaribio huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mapema mwaka 1922 mvulana wa miaka 14 akawa wa kwanza kutibiwa nayo. Leo mbwa hutibiwa kwa dawa hiyohiyo, na hatari kubwa imo katika bomba la sindano. Insulini iliyotengenezewa mbwa kwa kawaida huwa na yuniti 40 katika kila mililita, na ile ya watu 100. Ukivuta ile ya watu kwa bomba la yuniti 40, umempa mbwa wako dozi mara mbili na nusu. Soma chupa, soma bomba, na usiazime bomba kwa jirani mwenye kisukari. Siku mbwa asipokula, usimdunge dozi nzima kwa mazoea. Mpigie daktari kwanza. Na akianguka baada ya sindano, mpake asali, mpeleke, na usimdunge tena hadi utakapoambiwa.

Ile mashine ndogo ya kupima sukari ya watu yaweza kukusaidia, kwa tone la damu kutoka ukingo wa sikio. Fahamu tu kwamba kwa damu ya mbwa mara nyingi husoma chini kidogo ya ukweli, na usichelewe kumpa asali eti unatafuta betri.

Mwenye mtoto wa mbwa mdogo amlishe mara nne au zaidi kwa siku hadi afikie miezi minne hivi, na mlo wa mwisho uwe kabla tu ya kulala. Apewe dawa ya minyoo kulingana na uzito wake, na alale mahali pakavu palipoinuliwa kutoka sakafuni. Watoto wa nyumba wafundishwe kumwacha apumzike.

Tafuta mapema daktari wa mifugo aliyesajiliwa na anayewashughulikia mbwa, kwa kuwa wengine wa upande wetu wamezoea ng'ombe zaidi. Mwulize kama hupokea simu usiku. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina kliniki ya wanyama wadogo pale Upper Kabete, ingawa kutoka Ruiru ni safari. Ukifika kwa daktari, mwambie mbwa alikula lini mara ya mwisho, alikula nini, anatumia dawa gani, hali ilianza saa ngapi na ilidumu kwa muda gani. Kama kuna mtu wa kukusaidia, apige picha ya video kwa simu wakati mbwa anatetemeka, kwani mara nyingi wakifika kliniki huwa wameshatulia.

Nambari ya daktari huyo iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati, kando ya chupa ya asali, ili hata msaidizi wa nyumbani aione wewe ukiwa kazini Nairobi.